Shoka Ambalo Hatukulitaja

Wakili alinijia mwenyewe, bila ya kuitwa, nami nikamfukuza. Naanza hapo kwa sababu kila nikilisimulia jambo hili watu hutaka nianze na shoka. Shoka lilichukua muda wa mtu kupiga chafya. Kumfukuza wakili kulichukua zaidi ya mwaka, na kwangu mimi bado hakujesha, hakujafika mwisho.

Mimi ni mtu wa mawe. Nina timbo langu Manda, mahali tunapokata mawe ya kujengea, na ukipita Mkomani ukaona nyumba ya kale imetiwa ukuta mpya, kuna uwezekano mkubwa mawe yake yalipita mkononi mwangu. Nilianza kwa kuyabeba kichwani, kutoka timboni hadi ufuoni, timbo la mtu mwingine. Nilisoma mpaka darasa la pili nikatoka. Kilichobaki nilijisomesha mwenyewe: kupima, kusaini, kumjua mtu muongo kabla hajafungua mdomo. Sikurithi hata nyundo. Basi mtu kama mimi hujiona hana la kuambiwa, na huo ndio ugonjwa wenyewe.

Mume wa binti yangu wa pili nilimfanya msimamizi wa timbo. Ni mtu wa upande wa Faza, mpole, mchache wa maneno, ana watoto wawili. Alimleta mamake mjane aishi nao hapa Amu, mji wa Lamu, katika nyumba iliyo nyuma ya yangu. Yeye huniita Baba, na sikumbuki kumsikia akinipandishia sauti hata siku moja. Nimewahi kutamani angenipandishia.

Jirani yangu kule timboni ni mwana wa mtu aliyewahi kunifanyia kazi. Babake alinibebea mawe miaka mingi, akafa, mwana akapata kipande chake akachimba mwenyewe, kama nilivyofanya mimi. Mpaka wetu ulikuwa ni safu ya mawe yaliyopakwa chokaa. Asubuhi moja alikuja, shoka la kuchongea mawe mkononi, akasema watu wangu wamevuka.

"Bwana, tazama wewe mwenyewe. Mawe ya mpaka yamesogea."

"Mawe hayana miguu," nikamwambia.

"Ndiyo nasema yamesogezwa."

Nitasema hapa jambo nililokaa nalo muda mrefu: alikuwa na haki. Nusu hatua. Nilikuwa nalijua, kwa sababu niliyeamuru yasogezwe ni mimi. Lakini wafanyakazi wangu watatu, watu wa bara, walikuwa wamesimama wanasikiliza, na sikutaka kuonekana nimeshindwa na mtoto wa mbeba mawe wangu. Nikamwambia, kwa sauti ya kusikika: "Babako alibeba mawe yangu hapa miguu mitupu kama punda, wala hakuniuliza mpaka. Wewe huu ulimi umeupata wapi?"

Akaliinua shoka. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, na goti langu la kushoto ni bovu, haliniinui kwa haraka. Niliyaona makali ya lile shoka yakiwa juu, nikafumba macho. Nilipofumbua, yeye yuko chini ameshika mkono wake wa kulia, mfupa umechomoza kwenye kiwiko, na mkwe wangu amesimama na mtaimbo. Alimpiga mara moja tu. Shoka lilikuwa limeanguka mguuni pangu, limekata ukanda wa kiatu.

Mkwe wangu ndiye aliyeutupa mtaimbo, akavua shati lake, akamfunga mkono, akamkimbiza botini mpaka hospitali. Njia nzima, nilivyoambiwa, alikuwa akimwambia, "Nisamehe, ndugu yangu, nisamehe."

Hospitali waliandika, polisi wakapata habari. Walipokuja kwangu niliwaambia hayo ni mambo ya watu wa timbo moja, tutayamaliza wenyewe. Sikusema zaidi. Walimshika mkwe wangu, wakamwachia kwa dhamana, wakampa siku ya kufika mahakamani. Wale wafanyakazi watatu waliogopa kuandikwa mashahidi, wakapanda basi wakarudi kwao. Sikuwazuia. Niliona ni afadhali, wasije wakarudia maneno yangu.

Kwetu, watu wakiumizana, huendwa kutakwa radhi. Na radhi ina utaratibu wake. Hakuna kwenda kubishana nani alianza. Mwenye mkono mzima ndiye anayejishusha, hata kama haki iko kwake, maana mwenzake tayari ameshalipa kwa maumivu. Tulikwenda watu sita, na sukari, na mchele, na mbuzi, na halwa ya kutosha nyumba nzima. Majeruhi alikuwa amelazwa kwa mamake, mkono umefungwa. Mimi ndiye niliyesema. "Sisi ndio wakosa. Tumekuja kutaka radhi."

Mamake alikuwa nyuma ya pazia. "Bwana," akasema, "mwanangu hata kitwa hakiinui kwa maumivu. Lakini mumekuja na uso wenu, nasi tumesamehe siku ya yeo, mbele ya Mwenyezi Mungu. Neno moja tu. Lisitajwe tena. Si barazani, si msikitini, si kwa wake zenu. Mukilitaja mutakuwa mumetufukulia kaburi."

"Halitatajwa," nikajibu, kwa niaba ya wote.

Tukasoma Fatiha. Nilitoka pale kifua mbele. Nilisema moyoni, haya ndiyo mambo, watu wakubwa wamekaa yakesha, yamemalizika. Wala halikunipitia akilini kwamba serikali haikuwa imekaa nasi ndani ya chumba kile.

Siku ya mahakama tulifika mapema. Tulikaa kwenye benchi la nje, mimi na mkwe wangu, na nyuma yetu rafiki yangu mmoja wa barazani aliyekuja kunisindikiza. Akatokea binti mmoja wa bara, koti jeusi, faili kifuani, viatu vinalia kwa upya.

"Shikamoo mzee. Huyu kijana wako ana wakili?"

"Huyu si kijana, ana watoto. Na wakili wa nini?"

"Shtaka aliloandikiwa ni kubwa, mzee wangu. Nipe dakika tano nizungumze naye kabla hajaitwa. Mimi ndiye wakili. Sitaki malipo."

"Bure?"

"Bure. Tunasaidia wale ambao hawana uwezo."

Hapo ndipo aliponiua. Hawana uwezo! Mimi! Nikamtazama toka viatu hadi kilemba, na kilemba hana. "Binti, mimi sijala cha bure tangu nilipoota meno. Nenda katafute masikini."

Rafiki yangu akaangua kicheko. "Bwana, mpe mtoto wa watu kazi, asije akarudisha viatu dukani!"

Nami nikacheka. Yule binti hakucheka, wala hakukasirika. "Sawa, mzee. Basi jambo moja tu. Asikubali shtaka kabla hajazungumza na wakili, yeyote yule." Akaenda kukaa.

Mkwe wangu akaniinamia. "Baba, asemaje?"

"Asema usikubali."

"Na wewe wasemaje?"

Aliniuliza. Naikumbuka sauti yake kama jana. Angeweza kuinuka akamfuata yule binti, hatua kumi hazifiki, lakini aliniuliza mimi. Nikamwambia, "Kule kwa mwenzako tulifanya nini? Tulisema sisi ndio wakosa, mambo yakesha. Hapa ni vivyo hivyo. Hakimu ni mtu wa kuheshimiwa, hutakiwi kubishana naye. Mwambie ni kweli, waomba radhi. Na shoka usilitaje. Tumeahidi."

"Hata akiniuliza?"

"Hata akikuuliza."

Akaitwa. Karani akamsomea shtaka kwa Kiswahili safi, kila mtu akasikia. Akajibu, "Ni kweli." Mwendesha mashtaka akasoma jinsi mambo yalivyokuwa, kwamba alimpiga mwenzake kwa chuma na kumvunja mkono, baada ya maneno juu ya mpaka. Shoka halimo. Haliwezi kuwamo, kwa sababu hata majeruhi, alipokwenda kuandikisha maneno yake, hakulisema. Yeye naye alikuwa ameishika ahadi.

Hakimu hakuwa na haraka. Nitasema kweli, alimpa nafasi. "Haya yaliyosomwa, ni kweli yote?"

"Ni kweli."

"Ulimpiga kwa nini?"

Mkwe wangu akageuka akanitazama. Ukumbi mzima ulimwona ananitazama. Nikatikisa kichwa, kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi.

"Naomba radhi, mheshimiwa," akasema.

Majeruhi akasimama na mkono wake kwenye kitambaa. "Mheshimiwa, mimi nimemsamehe. Tumemaliza wenyewe."

"Nimekusikia, na ni jambo jema," hakimu akasema. "Lakini kesi hii ni ya Jamhuri. Si yako peke yako."

Miaka mitatu. Nilidhani nimesikia miezi. Niliinuka, goti likanisaliti, nikakaa tena. Mbele kule, kwenye meza ya mawakili, yule binti alikuwa ameinamisha uso juu ya faili la mtu mwingine.

Mtu mwingine angemfuata siku ile ile. Mimi nilikaa siku arubaini. Nilizunguka kwa watu wakubwa ninaowajua, wenye nyumba nilizowauzia mawe, nikidhani ziko njia za pembeni. Walinipa kahawa na pole. Binti yangu alikuwa akipika, akiniwekea sahani, akitoka bila ya neno. Mama wa mkwe wangu alikuwa mgonjwa wa moyo, tukakubaliana asiambiwe. Nilikwenda mwenyewe kumwambia kwamba mwanawe nimemtuma Mombasa kwa kazi kubwa ya mawe. Kuficha nilikuwa nimekuzoea.

Siku ya arubaini na moja nilipanda ngazi za ofisi ya yule binti, juu ya duka la vitambaa. Alikuwa anakula viazi karai kwenye karatasi. Aliponiona akafuta mikono.

"Karibu mzee. Umekuja kunisaidia kutafuta masikini?"

"Nimeshampata," nikasema. "Ndiye mimi."

Akanivutia kiti. Hakulirudia tena neno lile, hata siku moja, na nilimpa sababu nyingi za kulirudia. Akauliza alilouliza hakimu: alimpiga kwa nini? Nilivitazama viazi vyake mpaka vikapoa. Kisha nikasema, "Kulikuwa na shoka."

Akaweka kalamu chini. "Shoka la nani?"

"La yule aliyevunjika mkono. Lilikuwa juu ya kichwa changu."

"Na hamkusema?"

"Tuliahidi kutosema."

Akaichukua tena kalamu. "Mzee, mtu akimpiga mwenzake ili amzuie asiue, sheria inamsikiliza. Lakini haisikii asichokisema. Angetaja shoka mara moja tu pale kizimbani, hakimu angeandika kwamba amekana, na kesi ingesikizwa mwanzo mpaka mwisho. Sasa amekubali kwa kinywa chake. Rufaa ya mtu aliyekubali ni mlima."

"Haupandiki?"

"Unapandika. Lazima tuonyeshe kwamba hakuelewa alichokubali, na kwamba kuna mtu alimwambia aseme vile. Nataka hati mbili za kiapo. Yake, na ya huyo mtu."

Nilikwenda naye mpaka gerezani, kule bara. Mkwe wangu alikuwa amekonda shingo. Alimsikiliza wakili hadi mwisho kwa adabu, kisha akanigeukia mimi.

"Baba, ulisema halitatajwa."

"Niliyesema ni mimi, na ninayesema litajwe ni mimi."

"Ahadi si yako peke yako. Ni yao pia, na waliishika. Yule angeweza kusema lolote juu yangu pale mahakamani, akasimama akasema amenisamehe. Nikimtaja sasa watamshika yeye. Nenda kawaulize. Wakikataa, miaka mitatu itapita."

Wakili akatazama dirishani. Mimi sikuwa na mahali pa kutazama. Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kwamba mwanamume ni neno lake, nikimwambia kila siku timboni, na hakuna aliyenisikia vizuri kuliko yeye.

Nikarudi kwenye ile nyumba, peke yangu. Safari hii sikubeba sukari. Mama mtu alinikaribisha ukumbini, mwanawe amekaa kwenye kitanda cha kamba, anajifunza kula kwa kijiko kwa mkono wa kushoto. Kiwiko cha kulia kilikuwa kimekauka kikiwa kimepinda. Nikawaeleza. Mama mtu hakunisubiri nimalize.

"Mukilitaja watanitwalia mwanangu! Mkono mumevunja, sasa mwataka na miguu aende nayo jela?"

"Ndiyo maana nimekuja kuuliza, Bi."

"Jawabu ni la."

"Mama," yule mwanawe akasema, "shoka lilikuwa langu. Nililiinua mimi. Kama si yule bwana kunipiga, yeo mimi ndiye niliyeko kule, na huyu yuko kaburini." Akaweka kijiko. "Litaje, Bwana. Lakini ukitaja, taja lote. Mpaka ulivyousogeza. Na lile neno lako."

"Neno gani?" mamake akauliza.

Kumbe hakumwambia. Miezi yote ile, na mkono ule, alikuwa amemficha mamake neno langu asije akaumia. Akanitazama, akangojea. Nilikuwa nimekaa mbele ya mjane wa mtu yule. Nikalisema. Nilisema neno kwa neno, na punda nikamtaja, na mpaka nikaukiri.

Alikunja na kukunjua upindo wa leso yake. Kisha akasema, taratibu, "Bwanangu alikuwa na viatu. Akivivua kwako asivichakaze na mawe, apate kuvivaa Ijumaa."

Nilimjua yule mtu miaka mingi, na hilo sikulijua.

"Haya, taja," akasema, akaondoka ukumbini.

Wakili aliandika yote. Aliponisomea, niliyasikia maneno yangu yakitoka kwa sauti ya binti yule, sauti ya upole, yakawa mabaya zaidi. Aliniuliza kama kuna la kupunguza. Nikasema hakuna. Nikasaini jina langu zima. Majeruhi naye alikwenda akaapa la kwake, kuhusu shoka, kwa hiari yake, akasaini kwa mkono wa kushoto. Mpaka leo hakuna aliyemshika, na ninamwomba Mungu ibaki hivyo.

Mahakama ya juu haina haraka ya mtu. Tulingoja, tukapewa siku, ikasogezwa, tukapewa nyingine. Katika kungojea huko mama wa mkwe wangu akafariki, baina ya adhuhuri na alasiri, binti yangu amemshika mkono. Tulimzika kabla ya magharibi, na mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea, mahali pa mwanawe.

Mwezi wa pili baada ya hapo rufaa ikasikizwa. Wakili alisimama akaeleza habari ya radhi, na ahadi, na mzee aliyetikisa kichwa. Hukumu ikafutwa. Wakasema muda aliokwisha kukaa ndani unatosha, kesi isirudiwe. Alikuwa amekaa mwaka na miezi miwili.

Tulimpokea gatini. Aliwabeba wanawe, mdogo alimlilia kwa kutomjua. Kisha akasema, "Baba, nipeleke kwa mama." Habari ya msiba alikuwa amepelekewa huko huko gerezani.

Pale makaburini alisoma aliyoyasoma, akakaa chini kwenye mchanga. Nami nikasimama, goti likiuma, sikuthubutu kukaa karibu naye.

"Alijua niko wapi?"

"Nilimwambia uko Mombasa, kazi ya mawe."

"Akaamini?"

"Hapana. Aliniambia, Bwana, Mombasa gani isiyo na simu. Wacha kunificha mwanangu, sema nimwombee Mungu ampe subira gani huko aliko."

Akatabasamu kidogo, kwa sababu ndivyo mamake alivyokuwa akisema. Kisha tabasamu likaondoka. Akaniuliza, bila ya hasira, kama mtu anayeuliza urefu wa ukuta: "Zile dakika tano, Baba. Ungempa yule wakili zile dakika tano, ingekuwaje?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema Mungu ndiye mpangaji, na ni kweli, lakini nilijua ningekuwa najificha nyuma Yake.

"Ungemzika mamako mwenyewe," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Akang'oa majani mawili yaliyoota juu ya kaburi, akayashika mkononi, na tulipoondoka alikuwa bado ameyashika.